Ombi la Kurudishiwa Jina Langu la Kobe Hapa Tanurini

Kwa Mama Meneja,
Ofisi ya juu, baada ya ngazi.

Mama Meneja mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na yale maumivu ya shingo yamepoa. Nimekuombea. Mimi ni yule mwokaji wa tanuri la pili, mwenye mguu mmoja mfupi, niliyesimama karibu na magunia ya unga siku ya mkutano nikaitikia "amina" ulipomaliza kutusomea kanuni mpya. Niwie radhi. Ilisikika kama sala.

Kanuni nimeielewa: ni marufuku kumwita mwenzako kwa umbo, mwendo au upungufu wake, tutumie lugha ya staha. Nia ni njema na Mungu atakulipa. Ila kwangu imekuwa msiba, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo nasema:

1. Jina. Nimeitwa Kobe tangu ujana wangu. Jina alinipa marehemu msimamizi wa kwanza, aliyenipokea wakati kwingine kote walikuwa wamenikataa kwa ajili ya mguu. Alinitazama nikivuka ua, akasema, "Huyu Kobe atatufikia kesho, basi mwandikeni aanze kesho." Kesho yake nikaanza kazi. Sasa naitwa "mwenzetu mwenye mwendo tofauti". Tofauti na wa nani, Mama? Kobe hapa alikuwa mmoja tu. Wenye mwendo tofauti ni wanadamu wote.

2. Mikate. Labda hukuambiwa tunavyofanya kazi huku chini. Saa ya tanuri iliharibika zamani, tukawa tunakwenda kwa matusi. Mkandaji wetu, ambaye tulikuwa tukimwita Kipara, akisema "Kobe wewe", maana yake bado kidogo. Akisema "Kobe!" natoa trei. Akimtaja na mama yangu, basi imeshaungua. Siku hizi analazimika kusema: "Mwenzetu mwenye mwendo tofauti, bila kukuvunjia heshima, tafadhali ukijaaliwa utupie jicho tanuri." Akifika kwenye "ukijaaliwa", mkate ni mkaa. Wateja wanalalamika, na sisi tunaombana radhi kwa adabu ndani ya moshi.

3. Ugumu. Mimi nimelelewa na baba aliyeamini kwamba mtoto akibembelezwa anaoza kama nyanya. Nilipovunjika mguu aliniambia nisimame, mguu mwingine si upo? Nikasimama. Ndiyo maana haukuunga sawasawa, lakini ndiyo maana pia sikuwahi kulia mbele za watu. Chuma hunolewa kwa kusuguliwa. Tangu kanuni ije hakuna anayenisugua, nami nalainika. Juzi nimelia kwa tangazo la sabuni redioni. Lilikuwa tangazo la furaha.

4. Chai. Hili ndilo linaloniuma hasa. Zamani nikichelewa kufika kwenye chai, walikuwa wakisema Kobe kabeba nyumba yake mgongoni, kiti cha nini? Kisha wanabanana, nakaa katikati yao. Sasa nikitokea mlangoni wananyamaza wote, kila mtu anauogopa ulimi wake. Wamenitengea kiti kizuri chenye mto, peke yake, kando ya dirisha. Nakunywa chai na dirisha. Nimeheshimiwa, Mama, hadi sina wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: jina la Kobe lirudishwe kwa maandishi yenye muhuri. Ateuliwe ofisa wa kutukana, mcha Mungu, asiyegusa wazazi wa mtu isipokuwa mikate ikiungua. Wafanyakazi wapya wapewe majina kabla ya kumaliza muda wa majaribio, maana dada aliyeletwa kufunga mikate ameniuliza kwa huzuni kwa nini hakuna anayemwita chochote. Nimemtazama vizuri, ana masikio ya kufaa, na niko tayari kumtungia jina. Nawe mwenyewe, Mama, tusingependa ubaki nje kama mkiwa. Tumekaa kikao tukapata majina matatu. Ukiniita nitakuja kukusomea, uchague.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa lango, dereva wa gari la mikate, na paka wa ghala ambaye hadi leo anaitwa Mwizi na hajalalamika.

Nabaki mtiifu mbele za Mungu na mbele ya tanuri,

Kobe
(kwa sasa: Mwenzetu Mwenye Mwendo Tofauti)

Nyongeza: Barua hii imenichukua siku nyingi kuiandika. Kabla sijafunga bahasha nimempa mke wangu aipitie. Kacheka, kasema, "Kumbe hata kalamu yako ni kobe." Mama, sijui nimepatwa na nini. Neno hilo limenichoma hadi kwenye mfupa. Nimemwambia humu ndani pia kuna watu wenye hisia zao, kisha nikatoka kukaa uani. Ombi langu libaki kama lilivyo. Ila pamoja na majibu, naomba unitumie nakala moja ya ile kanuni yako, kwa herufi kubwa, niibandike jikoni kwangu.