Kuhusu Mashine ya Kupasulia Kuni Iliyo Chini ya Dirisha Langu

Rooty Hill, Alhamisi jioni

Kwa Mzee Callixte,
Mwenyekiti wa Umoja wa Wanaume wa kanisa letu.

Mzee wangu, shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo na kwamba mgongo umepoa. Sisi huku wazima, ila mimi sijalala vizuri tangu Pasaka, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unajua hali yangu, lakini naiandika ili ibaki kwenye faili. Siku tano kwa wiki naanza kazi ya kuhudumia wazee saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili tuko kanisani mpaka saa tisa. Jumamosi asubuhi ndizo saa zangu pekee za kulala, Aloys mume wangu akishika watoto. Tangu Umoja wenu upewe mashine ya kupasulia kuni, mkaileta kwangu mkisema ni kwa wiki moja tu, inanguruma chini ya dirisha langu kila Jumamosi saa moja asubuhi. Naomba iondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Kelele. Mashine yenyewe naisamehe, ina injini, ifanyeje. Ila wanaume wanavaa vizibo vya masikio, jambo zuri, halafu kwa kuwa hawasikiani wanapiga kelele kuishinda mashine. Mtaa mzima sasa unajua kwamba sukari ya mwenzao Égide imepanda. Hata sala ya kufungua inafanyika injini ikiwaka, kwa kuwa ikizimwa inasumbua kuwaka tena, hivyo anayeomba anamfokea Mungu kana kwamba Naye amevaa vizibo.

2. Wingi wa watu. Mashine ile inaendeshwa na mtu mmoja, mikono yote miwili ikiwa kwenye mishikio, ili kisibaki kidole karibu na kabari. Nimewahesabu dirishani: wako tisa. Mmoja anapasua, wanane wanashauri. Gogo la mkaratusi lenye fundo wanalilenga katikati, linakwama, wanaitisha kikao. Gogo la namna hiyo unalianzia pembeni, unalibandua vipande vipande, fundo unaliacha mwisho. Nililisema hilo nikiwa dirishani, mtoto kifuani. Wewe mwenyewe, Mzee, ukanijibu kwa upole: "Mama Ineza, wewe pumzika, hii ni kazi ya wanaume."

3. Neno lako hilo nimelifikiria siku kumi na mbili. Kule kambini Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, nilianza kwenda kuni nikiwa na miaka minane, nyuma ya mama yangu, na sikumbuki kukutana na mwanaume njiani ana mzigo kichwani. Labda walipita njia nyingine. Kuni zilikuwa za wanawake mpaka zilipopata injini. Sasa, kama kazi imehama, naomba ihame yote, isihame nusu. Kuni hizi ni za Bibi Mélanie wa mtaa wa Granville, ambaye jiko lake la kuni ndilo linalompa joto baridi ikija. Basi zifike kwake kwa kichwa na kwa miguu, mbebaji akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto nitatoa wangu, Gad, ana miezi saba na kilo tisa. Wakifika wawashe moto, wapike maharage, waoshe sufuria, ndipo waulizwe kwa nini wamechelewa.

4. Kuni zenyewe. Tangu Pasaka hazijazidi toroli mbili. Wamezirundika juu ya udongo na kuzifunika nailoni mpaka chini, kama marehemu. Kuni mbichi zinataka kuinuliwa juu ya mbao, upepo upite katikati, zifunikwe juu tu. Hizi zimeota uyoga. Bibi anasubiri moto, sisi tutampelekea mboga.

5. Heshima ya nyumba. Mashine imekaa chini ya paa la kuegeshea gari, gari letu linanyeshewa. Ineza wangu wa miaka sita aliambiwa shuleni achore familia. Alichora baba, mashine, Gad, na mimi pembeni nimelala. Mwalimu akaniuliza kama nina ugonjwa. Nikamwambia hapana, ni ndoto ya mtoto, mimi sijawahi kulala namna hiyo.

6. Kwa hiyo mashine iondoke kabla ya Jumamosi hii. Ikishindikana, iwe inazunguka kama ibada za nyumbani, kila familia wiki moja, kuanzia chumbani kwa Mwenyekiti. Na hilo likikataliwa, nitauomba Umoja wa Wanawake ukabidhiwe kila chenye injini katika kanisa hili. Tutaanza na gari lako.

Nimeandika kama binti yako, bila kinyongo chochote. Nisalimie Mama na watoto wote, na washauri wote wanane kila mmoja kwa jina lake. Ukimpigia Bibi Mélanie, mwambie avae soksi mbili kwa sasa.

Wako mwenye usingizi na heshima,
Concilie (Mama Ineza)

Nyongeza, Ijumaa: Mzee, jana sikuituma. Leo nimetoka kazini saa nane, Honorine jirani yangu akanikuta nimesimama naitazama ile mashine. Tukaiwasha. Tulikwenda kwa zamu, mmoja kwenye mashine, mwingine ndani na watoto, na kwa saa mbili lundo lote la magogo likaisha. Hakuna gogo lililokwama. Unabonyeza tu, na gogo nene kama ng'ombe linafunguka kama mkate. Nilimfikiria mama yangu na shingo yake, nikabonyeza tena. Kwa hiyo futa namba moja mpaka sita. Mashine ibaki hapa hapa, waondolewe wanaume. Aloys aliporudi alisimama mbele ya kuni, akauliza nani amepasua, nikamwambia. Akaanza kunieleza jinsi kuni zinavyopasuliwa. Nikampa Gad amshike, nikaenda kulala.