Simu za Marehemu wa Lac Dong

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vipaza sauti vyote kumi na vinne vya kata ya Lac Dong vilitangaza kwamba kata hiyo imeteuliwa kuongoza mkoa mzima katika Urejeshaji wa Madini ya Thamani kutoka Taka za Kielektroniki. Tangazo lilisomwa na Bwana Quach Dinh Nghi mwenyewe, Mwenyekiti wa Kamati ya Urejeshaji. Lilisomwa mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza jogoo aliingilia, na mara ya pili umeme ulikatika kwenye neno "dhahabu".

Ni kweli kwamba watu wa Lac Dong walikuwa wakitoa dhahabu, fedha na shaba kwenye simu na kompyuta zilizokufa kwa miaka ishirini na mitano. Lakini walikuwa wakifanya hivyo bila sera, na jambo linalofanyika bila sera, kama Bwana Nghi alivyoeleza kikaoni, halijafanyika. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya Kamati ilikuwa kuwazuia wote walioijua kazi. Yadi zao thelathini na moja za kuchambulia taka hizo zilifungwa kwa utepe wa karatasi wenye muhuri mwekundu. Hatua ya pili ilikuwa kujenga kiwanda cha kisasa, ambacho mpaka wakati huo kilikuwa na lango, bango na bustani ya maua. Hatua ya tatu ilikuwa lengo: simu elfu nne ziwe zimechakatwa kabla mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, ambao ni mwezi wa mizimu, haujaisha.

Mwezi wa saba ulipoandama, simu zilizochakatwa zilikuwa sifuri. Bwana Nghi aliiandika kwa tarakimu na kwa maneno.

Miongoni mwa yadi zilizofungwa ilikuwamo ya Bi Luyen, mjane wa miaka hamsini na minane, ambaye akinusa bodi ya simu iliyopashwa moto aliweza kukutajia mwaka iliotengenezwa. Tani moja na nusu ya bodi ilikuwa imefungiwa uani kwake chini ya turubai lililotoboka, na mvua ya msimu ule haikuwa imesomewa waraka. Wanawake wanne waliomfanyia kazi walikwisha kuanza kuulizia vibarua kwenye kiwanda cha viatu. Wakiondoka hao, na bodi zikioza, basi yadi ndiyo imekwisha.

Alikwenda ofisini mara sita kuomba leseni. Mara zote alielezwa kwamba leseni hupewa yadi inayofanya kazi kwa kufuata kanuni. Yadi yake haifanyi kazi, kwa kuwa imefungwa. Imefungwa kwa kuwa haina leseni. Mara ya sita Bwana Nghi alimchorea kwenye karatasi, apate kuelewa. Mchoro ulikuwa duara.

Siku ya kumi na tano ya mwezi ule, kila nyumba ilichoma sadaka za karatasi kwa ajili ya marehemu wake: nguo za karatasi, pikipiki za karatasi na, tangu mahitaji ya marehemu yalipoongezeka, simu za karatasi pamoja na chaja zake. Alasiri Bwana Nghi alipita akikagua mihuri. Akamkuta Bi Luyen amechuchumaa nje ya lango lake mbele ya karai, akimchomea mumewe simu.

"Dada Luyen," alisema, "kifungu cha tisa kinakataza kuchoma simu mahali pa wazi."

"Hii karatasi, mdogo wangu."

Bwana Nghi alitoa waraka mfukoni akausoma mpaka mwisho. "Kimesema simu. Hakikusema ya nini."

Bi Luyen hakuinua kichwa. Aliigeuza simu kwa kijiti, upande wa pili nao ushike moto. "Basi andika. Ila ukiandika, andika yote. Simu imeingia, moto umepita, jivu limebaki. Kwenye fomu yenu hiyo inaitwaje?"

Kwenye fomu iliitwa Kifaa Kilichochakatwa. Bwana Nghi aliukunja waraka, moshi ukimpita usoni. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini na yenye heshima ambayo Bi Luyen hakuwahi kuisikia ofisini, marehemu amepelekewa simu ngapi.

"Mbili. Ya pili ni ya mdogo wake. Huyo alikuwa mwizi wa simu hapa duniani, sasa nataka atulie."

Jua lilipokuwa linazama, wajumbe watatu wa Kamati walikuwa wamekwisha kupita kila mlango. Simu zilikuwa 4,312, jivu magunia tisa. Waraka uliambatana na jedwali la mavuno: dhahabu gramu 0.03 kwa kila simu. Bwana Nghi alizidisha na, kwa kuwa ni mtu makini, akazidisha tena. Gramu 129.36. Hakuona kosa katika hesabu, kwa sababu halikuwamo. Ripoti iliyokwenda mkoani haikuwa na neno hata moja la uongo, na ndiyo maana ilisomeka vizuri sana.

Siku ya nne mkoa ulijibu. Naibu mwenyekiti wa mkoa atafika Jumatatu kuipokea dhahabu, iwekwe ndani ya kasha la kioo kwenye mkutano wa kitaifa.

Bwana Nghi hakuwa amefikiria kwamba dhahabu iliyokwisha kuripotiwa ingetakiwa pia iwepo. Alipakia magunia tisa kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe hadi kwa Bi Luyen, akamwomba aikamue dhahabu iliyomo.

Bi Luyen alichota jivu, akalisugua kwa kidole gumba. Alisema mna bati kidogo, lile la karatasi inayong'aa, labda kijiko kimoja. Dhahabu haijawahi hata kupita hapo.

"Na kwenye bodi zako?"

"Kwenye bodi imo. Lakini zimefungwa na Mwenyekiti, na kazi yake ni wiki tatu za tindikali. Jumatatu ni keshokutwa." Akakung'uta mikono, kisha akauliza, kama anayeulizia hali ya nyumbani: "Mkeo bado anazo zile bangili za arusi?"

Yaliyosemwa nyumbani kwa Mwenyekiti jioni hiyo hayamo katika kumbukumbu za Kamati. Majirani walisikia majina ya ukoo mzima wa Quach yakitajwa kwa mpangilio, kuanzia babu. Asubuhi alirudi kwa Bi Luyen na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na bangili, mikufu, na pete zilizowekwa kwa ajili ya binti yao aliyekuwa aolewe mwezi wa kumi. Vyote pamoja, chi thelathini na nne na nusu, kwa kipimo kinachotumiwa na masonara wa kule, yaani gramu 129 na ushei. Jedwali lilikuwa limetosheka.

Bi Luyen aliipima dhahabu mbele yake, kisha akairudisha kwenye kitambaa.

"Nitaiyeyusha. Lakini mkubwa akikuuliza imetoka yadi gani, utamjibu nini? Yadi isiyo na leseni ikitoa dhahabu, kifungu cha nne, kuna watu wanakwenda jela. Na yenye leseni hakuna."

Bwana Nghi alisema ingewezekana kusema imetoka kiwandani.

"Imetoka kwenye lango au kwenye maua?"

Leseni namba moja ya mkoa ilitiwa saini saa tatu asubuhi, juu ya mgongo wa gunia la jivu, na ikapigwa muhuri hapo hapo. Masharti ya kanuni yalitimizwa: yadi ilifunguliwa kwa kuwa ina leseni, na ilipewa leseni kwa kuwa itafunguliwa. Utepe aliubandua Mwenyekiti kwa kucha zake. Bangili, mikufu na pete zilichukua dakika kumi na mbili kuwa donge. Wale wanawake wanne walipigiwa simu, na kabla donge halijapoa walikuwa wamekwisha kufunua turubai.

Jumatatu mtaalamu wa mkoa aliipima dhahabu kwa mashine. Alisema katika kazi yake yote hajaona dhahabu ya taka iliyo safi namna hii, utadhani imetoka kwa sonara. Bwana Nghi alisema hayo ni matunda ya uongozi thabiti. Kasha la kioo lilifungwa, likawekwa lakiri. Bwana Nghi aliuliza, kwa niaba ya wananchi, litarudishwa lini. Naibu mwenyekiti wa mkoa alimpigapiga begani, akacheka, akapanda gari.

Waraka mpya uliwahi harusi ya binti, ambayo ilikuwa imeahirishwa. Njia ya Lac Dong ilitangazwa kuwa mfano kwa mkoa. Kila mwaka, siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, simu zitahesabiwa na karani atakayetumwa na mkoa, na dhahabu itakabidhiwa kulingana na jedwali. Upungufu wowote atauwajibikia Mwenyekiti wa Kamati, yeye binafsi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba ulipoandama, vipaza sauti kumi na vinne vilifunguka saa kumi na mbili na nusu. Bwana Nghi aliwaomba wananchi waendeleze mila kwa kiasi. Alieleza kwamba simu za mwaka jana bado ni nzima. Alieleza kwamba marehemu wa kata hii walikuwa watu wasio na makuu, na kwamba nguo na vyakula hupokelewa huko kwa furaha ileile. Alisoma mara tatu, ingawa umeme haukukatika na jogoo alinyamaza akasikiliza.

Siku ya kumi na tano Bi Luyen aliketi nje ya lango lake lililo wazi, leseni ikiwa imetundikwa juu ya kichwa chake, na kando yake boksi la simu za karatasi alilolinunua mjini. Kila lango mtaani lilikuwa na boksi lake. Karani wa mkoa, kijana mwenye kalamu mbili, alikuwa amewekewa kiti na chai. Bwana Nghi alikuja kwa miguu, akachungulia ndani ya boksi, akahesabu safu ya juu kwa midomo.

"Dada," alisema, "mumeo alikuwa mmoja."

"Bado ni mmoja," alisema Bi Luyen. "Ila kule amejuana na watu."

Aliweka simu ya kwanza kwenye karai, akaingoja ishike moto, akamgeukia karani.

"Andika, mwanangu."

Kisha akachukua ya pili.