Kinga ya Mtu Mchangamfu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Ijumaa nina usaili: msaidizi wa duka la dawa. Shuleni niliugua mafua kabla ya kila mtihani. Ule wa mwisho niliufanya huku nikipiga chafya juu ya karatasi. Leo nimejua sababu. Jarida moja linasema huenda watu wenye haya, wanaomeza wasiwasi kimyakimya, kinga yao ya mwili hulegea wakibanwa na mawazo. Wachangamfu huwa na nafuu. Binamu yangu, binti wa shangazi, huongea tangu alfajiri na sijawahi kumwona na leso.

Nimeamua. Kufikia Alhamisi nitakuwa mchangamfu.

Jumanne, tarehe 5

Nimemwamkia binamu kabla yeye hajaniamkia. Akaniuliza nimevunja nini.

Jumatano, tarehe 6

Nilihitaji watu wasioweza kunikimbia. Nikawapata kwenye benchi la kliniki anakofanya kazi shangazi. Nimeongea na watu kumi na mmoja! Dereva mmoja alinisimulia historia nzima ya kifua chake. Bibi mmoja alinishika mkono, akasema mwanawe hampigii simu. Nikakaa naye. Alipoitwa ndani alinishukuru kwa mazungumzo mazuri. Nimelifikiria hilo njia nzima. Sikuwa nimesema kitu.

Huyo simhesabu. Wamebaki kumi.

Alhamisi, tarehe 7

Koo linawasha. Kufikia mchana sauti imekauka. Shangazi akauliza nilifuata nini kliniki. Nikamwandikia: kuimarisha kinga. Akasoma mara mbili.

“Yaani mwanangu, umeenda kutafuta marafiki kwa watu wanaokohoa?”

Binamu alicheka mpaka machozi. Kisha akanichemshia maji, akakaa kando ya kitanda. Akasema yeye huongea sana kwa sababu akinyamaza tu, anaisikia hofu yake. Jarida halikutaja watu wa namna hiyo.

Ijumaa, tarehe 8

Nimeenda na barakoa, sauti sina. Mfamasia, mama mwenye miwani, aliuliza kwa nini naitaka kazi. Nikatoa mkwaruzo. Akaingia mteja, mzee wa watu, anataka dawa ya mgongo. Mfamasia alipogeukia rafu, mzee akaninong'oneza kwamba ile ya mwezi uliopita ilimvimbisha midomo, ila anaona aibu kusumbua. Akanionyesha kwa kidole: ndiyo ileile aliyokuwa akiishusha mfamasia. Nikaandika haraka, nikampa mfamasia karatasi. Akairudisha dawa rafuni.

Mzee alipoondoka, mfamasia akasema waombaji wanne kabla yangu waliongea kama redio, na yeye anatafuta msikilizaji. Nikipona, naanza Jumatatu.

Nimefurahi, lakini roho haijatulia. Mama wa watu anaamini mimi ni mkimya. Hajui kwamba ni koo tu, na kwamba tangu Jumatano mimi ni mchangamfu kamili. Akigundua, kazi imeota mbawa.

Kesho naanza mazoezi ya kuwa na haya.