Malalamiko dhidi ya seli za ng'ombe zinazobembelezwa kuliko mwanangu

Ndugu Mkuu wa Maabara,

Salaam, na pole kwa kazi. Mimi ni Zawadi wa Ufukoni, mke wa fundi sanifu wako Zuberi, yule anayelea seli za mshipa wa damu wa ng'ombe kwenye vyombo vyenu. Naandika Sharifa akiwa mgongoni, meno yanamtoka, na usingizi nausikia kwa majirani tu.

Malalamiko yangu:

1. Seli hizo zinapitishiwa maji ya lishe kwa pampu, ya vuguvugu, usiku na mchana. Zuberi anasema maji yakisimama zinadumaa, yakienda kasi msuguano unazing'oa. Sharti yapite taratibu, yakizipapasa. Mimi hata pole sijapapaswa nayo.

2. Ng'ombe mwenyewe tulishamnywa supu. Marehemu anapataje malezi kumshinda mtoto aliye hai?

3. Akiwa njiani kurudi hupiga simu, anauliza, "Umeme upo?" Nilidhani anaiwazia feni ya mwanawe. Kumbe pampu, maana umeme wetu na wa maabara ni laini moja!

4. Nilipomwomba ambebe mtoto japo nioge, alinijibu, "Mama Sharifa, seli zikisuguliwa kidogo ndiyo zinakaa imara. Na wewe vumilia." Ndugu Mkuu, nimeshasuguliwa: nepi, masufuria, muhogo, mama mkwe. Kwa somo lake ningekuwa ukuta sasa. Ila analisoma nusu. Msuguano ukizidi, seli inang'oka, na mimi nimebakiza ukucha mmoja.

Kwa hiyo naomba Sharifa asajiliwe kuwa seli, apewe joto, pampu na Zuberi. Kama nafasi ni ya mtu mzima, niandikishe mimi. Nitalala chomboni kimya, wala sili sana. Yote yakishindikana, turudishie Zuberi alasiri moja tu, ambebe mwanawe mpaka alale, nami nilale.

Nisalimie wote hapo kazini, na dada Doris wa mapokezi. Na hizo seli pia zisalimie, kosa si lao.

Ni mimi, niliyeshikilia kwa ukucha,
Zawadi, Mama Sharifa

N.B. Kabla sijakutumia hii kwa simu, Zuberi amerudi mapema, akambeba Sharifa, na wote wawili wamelala mkekani, midomo wazi. Simu yake ikaita, nikapokea mimi. Ni Bakari, mlinzi wenu wa maabara, anasema pampu imezima. Sikumwamsha. Mtoto nimemwachia, nimejifunga kitenge, niko mlangoni pa maabara yako na ufunguo wa Zuberi. Niambie upesi nibonyeze wapi. Maji yamesimama, baba, hawa watoto watadumaa!