Masta ya Pili

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Raskazone nzima sijaona mwanamume wa kunishinda bahati. Nyumba ya urithi, upepo wa bahari bure, na mke, Nasima, ambaye nikisema jambo hulipitisha papo hapo. Leo nimeamua: stoo ya nyuma igeuzwe masta ya pili, chumba cha kulala chenye choo na bafu humo humo. Ya kwanza tunayo, ila tunalala wawili, na Nasima ana kiwiko. Nikikoroma, kiwiko. Nisipokoroma, kiwiko cha tahadhari. Nimefika Muscat nikiwa mpishi wa meli: matajiri wa kule mume ana masta yake, mke yake, wakitakana wanabisha hodi. Ustaarabu huo. Nasima nimemwambia tu stoo ina panya.

Alhamisi, 6 Novemba
Fundi Ernesti amekuja kupima. Nikasema nataka masta zilingane, ukubwa mpaka vigae. Akaacha kupima. Akasema hongera mzee, dini yenu inataka usawa kwa wake, na wewe umeanzia kwenye vigae. Nilipaswa kukanusha. Lakini sifa tamu. Nikacheka kidogo, nikanyamaza.

Jumamosi, 8 Novemba
Habari imefika sokoni kabla ya saruji. Nasima karudi na samaki changu, hakumpaa magamba. Akaniuliza taratibu huyo mke mwenza ni wa Pangani au wa hapa mjini, maana wauza samaki wanabishana. Akipiga kelele najua pa kukimbilia. Akishusha sauti, sijui. Akasema anarudi kwao Pemba, boti ipo kesho.
Mdomo ukanitangulia. Nikaapa chumba ni cha mama yake, Bi Mwanamwema. Mtu mzima, yuko peke yake Wete, na mkwe hapishani na mkwewe mlango mmoja wa choo, ni aibu. Ndiyo maana masta mbili. Nilieleza vizuri hata mimi nikaamini. Nasima akalia. Akasema Baba Suhaila, kumbe una moyo. Hapo hapo akampigia mama yake simu.

Ijumaa, 28 Novemba
Mkwe kashuka na godoro lake, mbuzi ya kukunia nazi na gunia la mchele. Nikampa shikamoo, macho chini. Akakagua masta yake, akaniombea dua ndefu mpaka chozi likanitoka. Kisha akasema ugenini halali peke yake, Nasima atalala naye. Nikauliza mpaka lini. Nasima akasema mpaka mama azoee. Mkwe akasema yeye Unguja alikaa miaka sita, hakuzoea.

Jumapili, 30 Novemba
Masta nzima yangu. Nimelala mshazari, nimelala upande wa Nasima. Kiwiko hakuna, usingizi hakuna. Alfajiri nikabisha hodi kwao, nikaomba Nasima aje walau tunywe chai. Mkwe akajibu kwa ndani: mwanangu, muache, ana deni la usingizi tangu umuoe.
Nimepata dawa. Mkwe ana dada yake huko Wete. Aje amuondolee ugeni, mke wangu arudi. Ila dada mtu naye ni mkwe, atataka choo chake. Nimempigia Ernesti: masta ya tatu. Akauliza, wa tatu tena, mzee? Nikacheka kidogo, nikanyamaza.
Na lile la Jumatatu ile, kwamba nikisema jambo Nasima hulipitisha, ni uongo. Hajapitisha hata moja.