Mchwa wa Khawaneej

Jumapili, 8 Novemba 2015

Ulimi umeniponza tena. Sisi tisa tulioshuka Dubai na ndege moja, tukalala chumba kimoja kambini Jebel Ali, tumetimiza miaka mitano. Isaiah, ambaye siku hizi ni msimamizi hotelini Garhoud na hachoki kutukumbusha, alitaka tukutane mkahawani Al Rigga. Nikasema mkahawani huenda watu wasio na kwao. Njooni Khawaneej, kwenye nyumba ya kale ninayoisimamia.

Kusema kweli ninailinda. Lakini funguo ni zilezile.

Jumanne, 10 Novemba

Nyumba ya fahari hii. Mawe ya matumbawe, mnara wa upepo wa kupoza vyumba, mitende pande zote, milango ya kuchongwa tangu enzi za babu zao. Ukoo mzima ulikuwa ukija kukimbia joto la mjini. Amebaki mjane, Madam Khairiya, anayekaa Jumeirah. Huja mara moja kwa mwezi na kuniambia maneno matatu ya Kiarabu: fungua, funga, na khalas, yaani basi.

Ili asitokee Ijumaa, siku ya karamu yetu, nimepigia simu ofisi yake. Mchwa wameonekana, Ijumaa dawa inapulizwa, hewa itakuwa sumu. Mpango safi. Nimejipongeza kwa chai.

Alhamisi, 12 Novemba

Severina, Mtanzania anayepika nyumba ya jirani, amekubali kutupikia pilau. Aliuliza kama madam anajua. Nikamjibu kwamba anajua yanayomhusu. Akaguna, akaagiza iliki.

Ijumaa, 13 Novemba

Wote walifika. Virginia na keki na gauni la harusi ya dadake, Isaiah na tai, akipapasa kuta. Raha iliyoje! Niliwaonyesha stoo nikaiita ofisi yangu.

Severina alipofunua sufuria tu, gari likaingia. Madam Khairiya. Alikuwa amesikia habari za mchwa, akahofia milango ya wakwe zake, akaja kujionea.

Niliona kazi inaondoka, na viza nyuma yake. Kwa Kiarabu changu cha getini nikasema hawa ndio wapuliza dawa. Aliitazama tai, akalitazama gauni, akaitazama keki. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka:

"Mchwa gani hao, mwanangu, wanaouliwa kwa pilau?"

Miaka miwili nimekuwa nikimnung'unikia kwa Kiswahili mbele ya uso wake.

Nikaungama yote, hata ule usimamizi. Isaiah akainuka. Nikajua ananimaliza. Badala yake alimwomba madam anisamehe. Akamweleza kwamba mwaka wa kwanza, alipougua kambini, mimi ndiye niliyemfulia na kumnywesha uji siku kumi na mbili. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Yeye hakusahau.

Madam akaketi. Akasema alizaliwa Unguja, akaletwa huku bi harusi. Kila msimu wa tende ndugu za mumewe walijaa ukumbi huu hata pa kukanyaga hapana, na sasa anakuja kuangalia vumbi tu. Alikula sahani mbili, akataka kila mmoja amtajie kwao ni wapi. Akiondoka aliniambia:

"Siku nyingine niombe. Hujaniomba kitu nikakunyima."

Nililia kidogo nyuma ya tangi la maji. Isaiah alinikuta huko, akanipa leso yake.

Ijumaa, 20 Novemba

Kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, nimesimama kutoa shukrani. Nimemshukuru Mungu kwa madam, kwa Isaiah, na kwa kuwa bado nina kazi. Nimeahidi mbele ya wote kuishi katika ukweli. Watu wamepiga makofi.

Baada ya ibada Faustine wa kwaya akasema wanatafuta mahali pa karamu ya Krismasi, watu themanini. Nikajisikia nikimwambia kwamba ipo nyumba, na mwenyewe ni kama shangazi yangu.

Nitamwomba madam, hakika. Ila mama wa watu ametoka kunisamehe juzi tu, si vizuri kumsumbua mapema hivi. Kwa sasa nimeiarifu ofisi yake kwamba mnarani kumeingia nyuki.