Kompyuta Yangu na Jogoo wa Mama Nasambu

Jumatatu, 2 Agosti 2004, Kitale
Siku njema kabisa. Chuo chetu cha kompyuta kinafungua tawi Bungoma, na Mkurugenzi, Mzee Jotham, anatafuta mkuu wa tawi. Ni mimi, Khisa, au mwalimu mwenzangu Chepchumba. Yaani ni mimi. Chepchumba anafundisha vizuri, sikatai, lakini hana mbwembwe. Tawi bila mbwembwe ni darasa tu!

Njia nimeshapata. Jumamosi kuna harambee ya kununua vifaa vya hilo tawi, na wakulima wa Tongaren wametoa majogoo wa zawadi. Nimemwambia Mzee kompyuta ichague washindi, watu wasije wakasema ati kuna upendeleo. Kila mgeni ana tikiti yenye namba. Ikiwa ni namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, mwenye tikiti anaenda na jogoo. Mzee akanishika bega. Chepchumba aliona. Safi!

Jumatano, 4 Agosti
Programu tayari. Nimeipa 7,919. Tasa! Nimeipa 104,729. Tasa! Nimeipa 104,730, ikakataa papo hapo. Haidanganyiki.

Chepchumba akaniuliza kama nimeijaribu na moja na mbili. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Nikamuuliza, mashine inayomeza laki itasakamwa na mbili? Akasema mdharau mwiba mguu huota tende. Nikamjibu mimi navaa viatu.

Ijumaa, 6 Agosti
Nimemwambia mke wangu Nelima aanze kufunga vyombo, tunahamia Bungoma. Amesema atafunga akisikia kwa Mzee mwenyewe. Mwanamke huyu hana imani.

Jumamosi, 7 Agosti, Bungoma
Lo! Nilisahau jambo ambalo kila mtu huku anajua: namba ndogo hupewa watu wakubwa. Tikiti ya kwanza ilikuwa ya Mzee. Ya pili, ya mkewe, Mama Nasambu. Nami sikujua kwamba Mama alifundisha hesabu Kimilili mpaka akastaafu!

Nikabonyeza moja. Kompyuta ikasema tasa. Vigelegele! Mzee akapokea jogoo mwekundu, mnene, akamkumbatia. Nikabonyeza mbili. Kompyuta ikasema si tasa. Nikamwambia Mama pole kwa kipaza sauti.

Mama akasimama polepole. Akasema mbili ni tasa tangu dunia iumbwe, na moja si tasa, kwa sababu namba tasa ina vigawanyo viwili kamili na moja ina kimoja tu. Hilo, akasema, watoto wake wa darasa la tano walikuwa wanalijua. Mgeni mmoja nyuma akapaza sauti ati kompyuta imefundishwa kumlamba Mkurugenzi miguu. Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Nikarekebisha hapo hapo. Sasa mbili ikawa tasa. Moja pia bado tasa! Nikarekebisha tena. Ikazikataa zote mbili. Chepchumba akaja, akaandika mistari miwili, akarudi kukaa. Mbili ikawa tasa, moja si tasa. Haki, nilitamani ardhi inimeze.

Balaa ni kwamba kwetu kuku akishatolewa mbele ya watu harudi. Nikajitetea: si jogoo anaenda boma moja? Bwana ama bibi, kibanda ni kilekile! Mama akauliza ni nani hukaribisha wageni wa Mzee kila Jumapili, na ni kuku za nani huisha. Kina mama wote wakapiga makofi. Mzee akainuka, akamkabidhi mkewe jogoo kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu mkubwa akitembea hatua fupi vile.

Jumapili, 8 Agosti, Kitale
Baada ya ibada Mzee ameniita. Tawi la Bungoma ni la Chepchumba. Imeniuma, nisidanganye, nilijiona tayari nikiketi kwenye kiti cha mkuu wa tawi, kile cha kuzunguka. Nelima alinipakulia ugali na kuku tu. Kuku alikuwa mtamu ajabu. Na ukweli usemwe: idadi ya majogoo ilitosha kabisa! Kosa la moja na kosa la mbili yalifutana. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa jumla.

Ijumaa, 13 Agosti
Nimerudi kileleni! Nimetunga programu mpya ya kulinganisha matawi. Unaipa alama zote za tawi, inazigawanya kwa idadi ya wanafunzi, inatoa wastani. Nimeijaribu na wanafunzi elfu tisa. Mbio kama swara!

Mzee amekubali nikaionyeshe Bungoma Jumatatu, mbele ya wageni wote wa ufunguzi. Chepchumba amepiga simu kunisihi nisubiri, ati bado hajapata hata mwanafunzi mmoja. Wivu tu. Nimemwambia kama elfu tisa hazikuishinda, sifuri itaishindaje?